Banda la Milimani Kwenye Joto la Dumila

Siku ya kuniaga, vijana wa ofisini mlinipa kitenge, seti ya sufuria na jogoo mmoja mweupe wa kisasa, mzito kiasi kwamba hawezi kutoka bandani hadi kwenye maji bila kupumzika njiani. Kitenge nimeshashona, sufuria nazipikia, jogoo namwangalia. Miaka thelathini na kitu nikiwa afisa mifugo nimeangalia kuku wa watu. Sasa nimetulia hapa Kilakala, ninao wangu kumi na mmoja, na bado kuna mambo yao siyaelewi. Mpaka leo sijui kwa nini tetea aliyetengenezewa viota vitatu vizuri anakwenda kutagia kwenye ndoo ya mkaa.

Mliniomba niandike habari za kazi. Kuhusu vyeo sina la kusema. Vilikuja vikichelewa, na barua zake kwa kawaida zilikosea jina langu. Nitaandika habari za joto, kwa sababu baadhi yenu mnapangiwa Dumila na vijiji vya kuelekea Gairo, na huko mtakutana nalo. Halafu kuna kosa nililolifanya huko ambalo halimo katika taarifa yoyote niliyowahi kupeleka wilayani. Lilikaribia kumtoa bibi mmoja nyumbani kwake.

Mimi ni mtu wa milimani, upande wa Mgeta, kwenye matuta ya kabichi na njegere. Kwetu baridi ya mwezi wa saba inaingia kwenye mifupa, na ukungu ukishuka unaweza kumtafuta mbuzi uliyemfunga hatua kumi kutoka mlangoni. Mama yangu alijenga banda la kuku kwa udongo mnene, likiwa na mlango mdogo wa kupita kwa magoti, dirisha hakuna. Kuku walifunguliwa ukungu ukishapanda, siku nyingine saa tano kabisa. Ukiwafungua mapema, vifaranga wanajikunyata na kufa. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu ya kwanza ya ufugaji. Niliipata kabla ya chuo, na chuoni hakuna aliyeniuliza kama ninayo.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Dumila. Nilishuka pale njia panda saa saba mchana, mwezi wa pili, nikiwa nimevaa sweta. Mama mmoja aliyekuwa anauza mahindi ya kuchemsha aliniuliza kwa huruma kama nina homa.

Ofisini nilikabidhiwa baiskeli, kisanduku chenye mikasi, kisu, sindano mbili za kioo na kipimajoto kirefu cha zebaki, pamoja na Mzee Kibwana. Mzee Kibwana alikuwa mchanjaji wa kata. Shule aliishia darasa la nne, lakini sijaona mkono mwepesi kama wake. Chanjo ya kideri, ugonjwa unaofagia kuku wa kijiji kizima, aliibeba kwenye chupa ya chai aliyoitia barafu ya muuza soda, na kila asubuhi alimlipa muuza soda kwa mazungumzo. Alinifundisha kudondosha tone moja jichoni na kusubiri. Usimwachie kuku mpaka apepese, alikuwa akisema. Asipopepesa hujamchanja, umemnawisha uso.

Kazi hiyo inafanyika alfajiri, kabla kuku hawajatawanyika. Na hapo ndipo nilipoanza kugombana na Dumila. Kuku wa kule walilala juu ya miarobaini, au chini ya kichanja cha mahindi, au popote walipojisikia. Mimi niliona ni uzembe. Nilimwambia Mzee Kibwana kwamba watu hawa hawajaelimishwa. Alitabasamu, akaendelea kufunga mfuniko wa chupa yake. Nikiri pia kwamba nilichoka kupanda miti.

Nikaamua tujenge banda la mfano. Wa kwanza kukubali alikuwa Mama Semeni, mwanamke mchapakazi aliyekuwa na kuku ishirini na watano, wengi kuliko nyumba yoyote pale kijijini. Aliishi na mumewe, Athumani, watoto watatu, na Bibi Tatu, ambaye ni shangazi yake Athumani. Mama yake Athumani alifariki yeye akiwa hajaanza kutembea, na Bibi Tatu ndiye aliyemlea. Sasa goti lilikuwa limemkatalia kwenda shamba, kwa hiyo mchana wote wakiondoka yeye alibaki nyumbani na kuku.

Tulijenga mwezi wa sita. Udongo mnene, mlango mdogo, dirisha hakuna, vilevile kama kwa mama yangu. Athumani alikuwa na mabati manne aliyoyaweka kwa ajili ya jiko la mkewe. Nilimshawishi tuezekee banda, nikisema hiyo ndiyo maendeleo. Hivyo kuku wakapata bati, na Mama Semeni akabaki na nyasi zake zinazovuja. Nikatoa na masharti: kuku wanaoatamia na wenye vifaranga wasifunguliwe mpaka jua lipungue, maana mwewe wa kule hawana haya. Siku ile Bibi Tatu aliniuliza kama humo ndani hakutakuwa na joto. Nilimjibu kwamba joto ndilo linalowafaa vifaranga. Lilikuwa jibu sahihi kabisa la kitabu.

Mwezi wa saba na wa nane nilitembea nikiwa nimenyoosha shingo. Mwewe walikosa cha kula, vifaranga walikua, na mimi nilikuwa nachanja kuku wote wa nyumba ile kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Watu walikuja kuangalia kutoka vijiji vya jirani. Walisema ni zuri, wakarudi kwao bila kujenga la kwao. Nilidhani ni uvivu. Leo nadhani walikuwa wanasubiri mwezi wa kumi.

Mwezi wa kumi ukafika. Kuku wanaoatamia wakaanza kufa, watatu siku moja, wawili baada ya siku mbili, kila mara alasiri, na vifaranga nao. Niliitwa. Nilimpasua mmoja pale uani, majirani wakiwa wamenizunguka. Hakuwa amepinda shingo, hakuharisha kijani, tumboni hakukuwa na alama za damu kama za kideri. Na wote nilikuwa nimewachanja. Kuku wa majirani walikuwa wazima wakichakura mbele ya macho yetu. Kitu kimoja kilinishangaza: nyama ya kifua ilikuwa imepauka, kama iliyomwagiwa maji ya moto. Niliandika kwenye daftari langu neno "imepauka", nikafunga daftari.

Kisha nikasimama, nikawaambia Athumani na mkewe, majirani wakisikia, kwamba kuku hawa hawana ugonjwa wowote. Waliniuliza basi ni nini. Nikasema kitaalamu sijui. Nikanawa mikono, nikapanda baiskeli. Njiani nilijisifu kwa ukweli wangu, maana chuoni walitufundisha kwamba mtaalamu mzuri hakisii.

Wiki mbili nilikuwa vijiji vingine kwenye kampeni ya chanjo. Niliporudi, siku ya Alhamisi, Mzee Kibwana alikuwa amekaa kwenye ngazi ya ofisi akinisubiri, jambo ambalo hakuwa na tabia nalo.

"Umeacha neno kule kwa Athumani," akaniambia.

Nikamuuliza neno gani.

"Umesema si ugonjwa. Mwanangu, mtaalamu akishasema si ugonjwa, watu wa huku wanabakiwa na kitu kimoja tu."

Akanieleza taratibu. Baada ya mimi kuondoka walikufa wengine sita. Watu wakajiuliza nani anabaki na kuku mchana. Halafu jirani mmoja akasema amemwona Bibi Tatu jua la utosi, ameinama, anazunguka banda akilimwagia maji huku midomo inacheza. Lisemwalo lipo, watu wakasema, kama halipo laja. Athumani alikataa siku tatu za mwanzo. Siku ya nne akanyamaza. Kikao cha ukoo kilikuwa kimepangwa Jumamosi, na bibi angepelekwa Kilosa kwa mtoto wa kaka yake mwingine, kijana ambaye mwenyewe alikuwa analala kwenye chumba cha watu.

Niliona aibu. Lakini nisiwadanganye, kabla ya aibu lilinijia swali. Kwa nini maji? Mtu mzee mwenye goti bovu anachota ndoo mchana wa mwezi wa kumi na kuimwaga ukutani. Uchawi wenyewe sikuujua, lakini kazi ya kubeba maji naijua, na hakuna anayeifanya bila sababu.

Ijumaa tulikwenda wawili, mimi na Mzee Kibwana, saa saba na nusu, wenyeji wakiwa shamba. Bibi Tatu alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Nilikaa chini kando yake, nikamuuliza waziwazi yale maji ni ya nini.

"Nawapoza," akasema. "Ulikataza mlango usifunguliwe. Hukukataza ukuta kumwagiwa maji."

Na yale maneno ya midomoni? Alikuwa anawaambia kuku wavumilie, jua linashuka. Siku bomba linapotoa maji anamwaga ndoo tatu na kuku wanaamka salama. Siku bomba limekauka, au goti limekataa, ndiyo siku wanayokufa. Alikuwa ameshalijua hilo kwa wiki nzima kabla sijampasua yule kuku mbele yake. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuuliza siku ya kujenga. Ulinijibu."

Mzee Kibwana, ambaye alikuwa akitazama kule kwenye miarobaini kana kwamba hasikii, ndipo aliposema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi nikachukua kipimajoto, nikapiga magoti, nikaingia kwenye banda langu la mfano. Nikamwomba mzee afunge mlango.

Mwanzo ni giza na harufu ya samadi, mambo niliyoyazoea. Halafu bati likaanza kutoa sauti, linatanuka. Joto halikuwa linatoka juu tu. Ukuta wenyewe ulikuwa unalihifadhi, nilipouegemea nikajitoa haraka. Kuku wawili walikuwa wanaatamia pembeni yangu. Walikuwa wameachama midomo, koo linacheza, mabawa wameyaachia mbali na mwili, na bado hawakuondoka kwenye mayai. Sikuwahi kukaa na kuku kimya hivyo. Kuku hatoi jasho. Ana mdomo tu wa kutolea joto, na hewa niliyokuwa naivuta mimi ndiyo hiyohiyo aliyokuwa anaitegemea yeye. Zebaki ilipita arobaini ikaendelea kupanda. Sikusubiri nione inapoishia. Nilitoka nikiwa naona nyota, nikatapika kando ya mlango, na Bibi Tatu akaniletea maji kwenye kikombe cha bati. Akanimwagia mengine kisogoni, kama alivyokuwa anaumwagia ukuta.

Alasiri yote iliyobaki niliitumia kumfuata tetea mmoja ambaye hakuwa amefungiwa. Nawashauri mfanye hivyo angalau mara moja; hakuna semina inayofundisha zaidi. Saa nane alikuwa chini ya mtungi wa maji, mahali unapovujia, amechimba shimo na kujilaza kwenye udongo wenye unyevu. Kivuli kilipohama, naye akahama, akaenda chini ya mwarobaini na kujirushia vumbi. Hakugusa chakula hata kidogo mpaka jua lilipoelekea kuzama. Kuku yule alikuwa anajua yote niliyokuwa nayatafuta.

Jumamosi kikao kilianza baada ya swala ya adhuhuri. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, Bibi Tatu peke yake karibu na mlango wa chumba chake. Niliomba ruhusa ya kusema, nikapewa kwa kuwa ni mgeni.

"Kuku wa nyumba hii nimewaua mimi," nikasema.

Nikaeleza yote: banda la kwetu, ukungu, bati, mlango, swali ambalo bibi aliuliza na jibu nililompa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa nakana kazi yangu mbele ya watu hamsini. Nilipomaliza, mjomba wake Athumani alinishukuru kwa upole. Akasema mimi ni mtoto mwenye huruma, nimesoma, nataka kumfichia bibi aibu yake, na Mungu atanilipa. Watu wakaitikia. Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwa matusi, hata kwa kuripotiwa wilayani. Sikujiandaa kwa kutoaminiwa.

Nikaona maneno hayatoshi. Nikamgeukia Athumani, nikamwomba aingie bandani na afungiwe, kwa muda wa mtu kula sahani ya wali. Kama akitoka akaniambia kuku wanaweza kuishi humo, mimi ninyamaze na kikao kiendelee.

Athumani ni mrefu. Alijikunja mara mbili, akaingia na kanzu yake ya swala, mkewe akafunga mlango kwa nje. Watu walicheka kidogo, wakasimulia mambo yao. Kisha wakanyamaza, kwa sababu ndani kulikuwa kimya sana. Sahani ya wali haikufika nusu. Mlango ulipigwa teke, akatoka kwa mikono na magoti, kanzu imemganda mgongoni. Hakumtazama mtu. Alikwenda mtungini akanywa vikombe viwili, akapitia jembe pembeni mwa jiko, akarudi na kuupiga ule ukuta wa banda. Alipopiga pigo la tatu, wanaume wengine wakainuka kumsaidia. Kikao hakikufungwa, kiliisha kwa sababu hakuna aliyebaki amekaa.

Banda jipya alilisimamia Bibi Tatu, mimi nikiwa msaidizi wa kushika fito. Liko chini ya mwarobaini, kuta za fito zenye nafasi ya kupitisha upepo lakini si kicheche, paa la nyasi, sakafu ya kichanja iliyoinuliwa kutoka ardhini. Maji yako kwenye chungu kilichozikwa nusu, hayapati moto. Chakula ni alfajiri na magharibi. Ukimwaga saa sita unawalisha njiwa. Mayai ya kuatamiza tunayaweka kwenye chungu cha mchanga uliotiwa unyevu, maana kwenye joto lile yai likikaa juani linaanza lenyewe safari ya kuwa kifaranga na kuishia njiani. Vifaranga wanafunikwa kwa tenga kivulini, mwewe anawaona na hawapati. Mabati yalikwenda jikoni kwa Mama Semeni. Nyie mtaona wanafunzi wa Mazimbu wamechora michoro inayofanana na hilo banda kwenye kompyuta, na ni mizuri. Muulizeni pia anayebaki nyumbani mchana.

Na siku mtakaposimama mbele ya watu mkasema si ugonjwa, msipande pikipiki. Waambieni bado hamjui, mtarudi kesho, na kesho mrudi.

Ningependa niishie hapo, nikionekana nimerekebisha mambo. Lakini nilirudi mwezi uliofuata, mvua za kwanza zimeshanyesha, kuchanja vifaranga wapya. Kwenye mlango wa Bibi Tatu, kwa ndani, kulikuwa na mzigo umefungwa kwenye kanga. Nikamuuliza kama anasafiri. Akasema ni ule aliofunga Ijumaa ile, wa kwenda Kilosa. Alikuwa anachomoa nguo moja moja kwa pembeni akihitaji, anafua na kuirudisha. Nikamwambia yale yamekwisha, kila mtu anajua ukweli.

"Wewe uliwakosea kuku, ukaja ukasema," akaniambia. "Hawa walinikosea mimi. Hajaja mtu."

Athumani alikuwa uani anatia mpini jembe. Nilimweleza nilichoambiwa, kwa sauti ya chini. Akasema walidhani kule kuvunja banda ndiyo kuomba radhi, na kwamba tangu siku ile akimwona shangazi yake anaona haya, kwa hiyo anapita upande mwingine wa nyumba. Nikasema hilo la kupita upande mwingine bibi ameliona.

Aliweka jembe chini. Akavua viatu mlangoni, akaingia, na mlango ukarudishiwa. Sikusikia alichosema, wala haikuwa haki yangu kusikia. Nilikaa uani na kuku kwa muda mrefu, mpaka nikaanza kuogopa. Kisha nikamsikia Bibi Tatu, kwa sauti ya kumwamrisha mtoto, akimwambia atumie meno, fundo la ile kanga limekaza.